Siku Marlys Alipong'oa Milango ya Vyoo

Saa moja kasoro robo asubuhi, siku ya Jumamosi, Marlys Tervola amepiga magoti ndani ya choo cha shimo cha Mzunguko B. Mkono mmoja umeshika tochi, mwingine umeshika fito ndefu yenye sumaku nchani.

Nyuma yake, nje ya mlango, amesimama mwanamke kijana mwenye nguo za kulalia na ndala, akisimamia mguu huu mara ule. Ufunguo wa gari lake umo shimoni.

"Samahani sana, mama. Ulikuwa kwenye mfuko wa nyuma."

"Wote husema mfuko wa nyuma," anajibu Marlys bila kugeuka. "Kuna ufunguo mwingine?"

"Upo. Nyumbani."

"Nyumbani ni wapi?"

"Mwendo wa saa tano."

Marlys anashusha pumzi, kisha anajutia kulazimika kuivuta tena.

Dakika kumi na mbili baadaye fito inapanda na ufunguo ukining'inia. Anautumbukiza kwenye ndoo ya maji ya dawa, anaukoroga, anamkabidhi mwenyewe kwa koleo. Yule mwanamke anaupokea kwa ncha za vidole viwili, anashukuru mara nne, halafu anauliza neno la siri la mtandao wa hapa.

"Hakuna mtandao hapa."

"Hakuna kabisa?"

"Kabisa. Kuna ziwa."

Mwanamke anaondoka. Marlys anavua glavu na kuzitupa ndani ya mfuko mweusi nyuma ya gari lake la kazi.

"Huo ni wa tatu kiangazi hiki," anasema. "Mwaka jana zilikuwa funguo tano na seti ya meno ya bandia. Meno tuliyapata. Mwenyewe akayasuuza, akayavaa papo hapo, akaniambia asante. Mimi nikaenda kukaa garini kidogo."

Marlys ana miaka sitini na mmoja, na huu ni msimu wake wa ishirini na saba akiwa msimamizi wa kambi katika Hifadhi ya Jimbo ya Ollila, huku kaskazini karibu na mpaka wa Kanada. Anatunza viwanja themanini na sita vya kupigia hema, vilivyogawanywa katika mizunguko mitatu, A, B na C, pamoja na maili kumi na moja za njia za miguu zinazozunguka maziwa mawili.

Alizaliwa maili tisa kutoka lango kuu. Baba yake alikata magogo katika msitu huuhuu kabla haujawa hifadhi, na mumewe, Wendell, amestaafu kutoka kiwanda cha mbao. Hapa analipwa dola kumi na tisa kwa saa, miezi saba kwa mwaka. Miezi mitano iliyobaki huendesha gari la kusukuma theluji barabarani.

"Watu huniuliza kazi ipi ni ngumu," anasema. "Theluji haibishani nawe. Ukiisukuma, inakwenda."

Wapiga kambi hubishana. Kuna aliyemtaka awanyamazishe vyura. Kuna aliyemwogesha mbwa kwa sabuni ziwani, pale pale watoto wanapoogelea, na alipokatazwa akasema sabuni hiyo ni ya mbwa, haina neno. Kuna bwana mmoja aliyeandika malalamiko rasmi, kurasa mbili, kwamba njia ya kuzunguka ziwa imemrudisha pale pale alipoanzia.

"Kurasa mbili!" anasema Marlys. "Na ilibidi nimjibu kwa maandishi."

Hayo yote huyacheka, kwa kuchelewa kidogo. Asilolicheka ni dubu.

Kiangazi cha mwaka jana, dubu dume mdogo alianza kutembelea Mzunguko C. Watu walimtupia mikate kutoka madirisha ya magari ili wapate picha. Hifadhi iliweka mabango, Marlys akapita hema kwa hema. Kufikia Agosti dubu yule alikuwa anasimama mbele ya magari na kusubiri.

Ofisa wa wanyamapori, Denise Beaulieu, alifika na bunduki. Dubu anayefuata watu kudai chakula haachwi hai, maana siku moja atakosa mkate atachukua mkono. Marlys ndiye aliyempeleka Denise mahali dubu alipokuwa.

"Alikuwa amekaa nyuma ya choo cha C," anakumbuka. "Amekaa tu kama mbwa anayesubiri bwana wake arudi kazini. Alipotuona akainuka kuja kwetu. Alifurahi, unaelewa? Alidhani tumemletea kitu."

Anafunga mfuko mweusi kwa fundo, anafunga fundo la pili.

"Baada ya hapo nilikwenda kupiga deki. Ilikuwa zamu ya kupiga deki. Ningefanya nini?"

Mwaka huu, katikati ya Juni, alifika Brent Kessler, fundi wa mabomba kutoka mjini, na mkewe na binti yao aliyekuwa anatimiza miaka tisa. Walikuja na trela jipya la kulala, refu kuliko nyumba ya kwanza ya Marlys, wakaegesha kiwanja namba 41, Mzunguko C.

Alhamisi asubuhi Marlys alikuta deli lao la barafu, lenye vyakula, limeachwa juu ya meza, na mafuta ya bekoni yamemwagwa kwenye meko. Aligonga mlango wa trela. Mazungumzo yaliyofuata anayakumbuka neno kwa neno.

"Bwana Kessler, deli hili likae ndani ya gari. Mafuta haya uyazoe na jivu lake, uyatie kwenye pipa la chuma pale njiani. Tuna dubu."

"Wapi? Mimi sijamwona."

"Na mimi natamani usimwone."

"Sikia, mama. Nimelipia kiwanja hiki tangu Januari. Nina kibali, kile pale kwenye kioo."

"Dubu hasomi kibali."

"Deli lenyewe lina kufuli."

"Na dubu ana kucha."

Bwana Kessler alicheka, akaahidi. Ijumaa asubuhi deli lilikuwa palepale mezani, safari hii limewekewa jiwe juu. Marlys akagonga tena, akaahidiwa tena.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, dubu jike wa umri wa miaka mitatu hivi alitoka msituni mbele ya watu thelathini. Aliangusha jiwe, akavunja kufuli, akaketi juu ya benchi, akala soseji kumi na mbili na keki nzima ya siku ya kuzaliwa. Watu walipiga picha. Bwana Kessler, akiwa mlangoni mwa trela na kaptura ya ndani, alimrushia soseji ya kumi na tatu.

"Nikamuuliza, umemrushia ya nini?" anasema Marlys. "Akaniambia, 'Ili aondoke.' Ili aondoke! Mgeni akija kwako ukampakulia chakula, huwa anaondoka?"

Mwandishi wa makala haya alimpigia simu Bwana Kessler. Hakukwepa swali. "Nilidhani yule mama anatia chumvi," alisema. "Kila mahali siku hizi kuna bango la kutisha watu. Mtu unazoea, unaacha kusoma. Binti yangu hajanisamehe. Si kwa ajili ya keki, kwa ajili ya dubu."

Jumatatu iliyofuata Denise Beaulieu alileta mtego, pipa kubwa la chuma lenye magurudumu. Dubu aliingia mchana uleule. Denise akamtundika kipini cha njano sikioni, namba 117, kisha akamfungulia huku yeye na Marlys wakipiga sufuria na kupiga mayowe, na risasi za mpira zikimfuata matakoni hadi ng'ambo ya kilima. Lengo ni kumfundisha kwamba watu hawafai.

Baadaye wanawake hao wawili walikunywa kahawa kwenye ubao wa nyuma wa gari.

"Mbona usimpeleke mbali?" Marlys aliuliza.

"Nilimpeleka mmoja maili sitini. Alirudi kwa siku nane, amekonda, ana hasira," Denise alijibu. "Sikiliza, dada. Matunda ya kilimani yataiva katikati ya Julai. Yakiiva atakwenda huko mwenyewe, hamtamwona tena. Shida yako ni hizi wiki tatu. Akikuta chakula hapa mara moja tu, basi. Na ukinipigia simu tena juu ya huyu, sitakuja na pipa."

"Najua utakuja na nini."

"Usidhani napenda, Marlys."

"Sijasema unapenda."

Jumapili ya tarehe 29 Juni, Delbert Fosse, mzee wa miaka sabini na mbili anayejitolea kupokea wageni langoni kila kiangazi, alimwona namba 117 pembezoni mwa Mzunguko C. Alikuwa ananusa mapipa yaliyofungwa, hakumkaribia mtu. Delbert hakusema kitu kwenye redio ya hifadhi, ambayo kila mtu huisikia. Alipanda baiskeli akaja mwenyewe.

"Amerudi yule binti," alimwambia Marlys. "Anakagua meza moja moja."

Ijumaa ingekuwa tarehe nne Julai, sikukuu ya taifa. Viwanja vyote ishirini na tisa vya Mzunguko C vilikuwa vimechukuliwa tangu majira ya baridi. Familia ishirini na tisa zenye nyama za kuchoma, mahindi, siagi, peremende laini za kuchoma kwenye vijiti na watoto wanaodondosha nusu ya kila kitu.

Marlys alimpigia meneja wa hifadhi, Curtis Amundson, akamwomba afunge Mzunguko C kwa wiki moja.

"Tarehe nne Julai?" Curtis aliuliza. "Marlys, umelala kweli?"

"Bosi, akila hapa atauawa."

"Labda hatakuja."

"Ameshakuja."

"Amemgusa mtu? Hajamgusa. Basi sina sababu ya kufunga. Niandikie barua pepe, nitaipeleka juu."

"Juu wataijibu lini?"

Curtis alikuwa mkweli. Alisema Septemba.

Marlys alikata simu, akafungua kitabu cha kanuni za kambi. Alikisoma chote, anasema, kwa mara ya kwanza tangu alipoajiriwa, akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa ndani ya ghala la vifaa. Ukurasa wa thelathini na nne ulieleza kwamba msimamizi wa kambi, bila kuomba ruhusa kwa yeyote, anaweza kufunga mzunguko kwa sababu moja tu: vyoo vyake visipofaa kutumika.

Mzunguko C una vyoo viwili, na vyote vilikuwa vizima.

"Nikawaza kuvijaza mchanga," anasema. "Nikawaza kuvunja kiti. Lakini kuharibu mali ya umma siwezi, baba yangu angefufuka. Halafu nikaiangalia ile milango."

Milango ya vyoo vya C ilikuwa imebambuka rangi kwa miaka mingi. Marlys alikuwa ameomba ipakwe upya kwa maandishi, mara tatu, na mwaka huu makopo ya rangi ya kahawia yalikuwa yamefika hatimaye. Hakuna aliyepanga siku ya kuifanya kazi hiyo.

Jumanne asubuhi, tarehe mosi Julai, alimwita Delbert alete bisibisi.

"Nilimuuliza, tunafanya nini?" anasimulia Delbert, ambaye anaongea polepole kama mtu anayemenya viazi. "Akaniambia, 'Tunafanya matengenezo.' Nikamwambia, bibie, mimi najitolea, hawawezi kunifukuza. Wewe je? Akaniambia nishike mlango usianguke."

Walifungua bawaba, wakaibeba milango yote miwili hadi ghalani, wakailaza juu ya viunzi vya mbao, wakaanza kuikwangua. Choo kisicho na mlango hakifai kutumika. Familia sita zilizokuwa tayari Mzunguko C zilihamishiwa A kabla ya saa sita mchana. Kisha Marlys alipita kiwanja kwa kiwanja na ndoo. Alizoa jivu la kila meko, akasugua kila meza kwa maji ya siki, akaokota ganda la karanga, kipande cha jibini, vijiti vyenye sukari. Ilimchukua saa saba.

Alipomaliza alifunga mnyororo kwenye njia ya kuingilia na kutundika kibao: *MZUNGUKO C UMEFUNGWA. VYOO HAVINA MILANGO.*

Curtis alifika Jumatano.

"Marlys, milango iko wapi?"

"Inakauka, bosi."

"Itakauka lini?"

"Kopo linasema tabaka tatu. Kila tabaka siku mbili, kukiwa na unyevu."

"Kwani kuna unyevu?"

Marlys alinyoosha kidole upande wa kushoto, kisha upande wa kulia. "Maziwa mawili, bosi."

Delbert, aliyekuwa ameshika brashi, anaapa kwamba hakucheka. Curtis aliusogelea mlango mmoja, akaugusa. Akaangalia kidole chake chenye rangi ya kahawia kwa muda, akakifuta kwenye leso.

"Nitakuandikia barua ya onyo," alisema.

"Andika."

"Itaingia kwenye faili lako."

"Faili lenyewe lina nafasi."

Aliondoka bila kuugusa mnyororo.

Watu walianza kufika Alhamisi. Marlys alisimama langoni tangu saa mbili asubuhi hadi jua lilipoanza kushuka, akirudia maneno yaleyale kwenye dirisha la kila gari. Familia kumi na nne zilikubali kubanana kwenye uwanja wa nyasi karibu na lango. Nyingine zilirudishiwa malipo na kugeuza, na hazikugeuza kimyakimya.

"Mama, mimi nina watoto wanne na mtumbwi juu ya paa!"

"Nauona."

"Kwa hiyo sababu ni milango? Watoto wangu wanajisaidia vichakani kila siku!"

"Hilo nalo tutazungumza siku nyingine."

Mmoja alimwita mvivu. Mwingine alimwita dikteta wa vyoo, jina ambalo Delbert bado analitumia. Mwanamke mmoja alishuka garini, akalia, akasema likizo hii ndiyo pekee waliyopata mwaka mzima. Hapo, anasema Marlys, nusura afungue mnyororo.

"Hao wanaonitukana siwaogopi. Yule aliyelia alikuwa na haki. Hakumlisha dubu yeyote. Nilimpa kiwanja cha Delbert, Delbert akahamia ghalani na milango."

Halafu akaja Ardis Lindquist.

Ardis, miaka sabini na tisa, amepiga kambi kiwanja namba 38, Mzunguko C, kila tarehe nne Julai kwa miaka arobaini na moja. Mwaka huu alikuja peke yake, na gari dogo, bila hema. Mumewe, Verner, alifariki mwezi Machi.

"Sitaki kulala," alimwambia Marlys langoni. "Nataka kukaa pale kesho mchana, saa moja tu. Nina kiti changu."

Marlys, ambaye tangu asubuhi alikuwa amesema hapana kwa kila mtu, aliinama kwenye dirisha lake.

"Verner ndiye aliyeweka lile jiwe bapa la kukalia, unalikumbuka?" Ardis aliendelea. "Mwaka wa mafuriko."

"Nalikumbuka. Nilimkaripia kwa kulihamisha."

"Alikuwa anakuogopa sana."

"Aliyeniogopa ni yeye peke yake, basi."

Ijumaa, saa nane mchana, Marlys alimfungulia mnyororo. Kwanza alimpekua mkoba. Alikuta pipi sita za mnanaa.

"Hata pipi?" Ardis aliuliza.

"Hata pipi, Ardis. Nisamehe."

Alimwekea kiti kwenye kiwanja namba 38, akampa filimbi, kisha akarudi garini, hatua sitini nyuma, akaacha dirisha wazi. Kutoka upande wa pili wa ziwa zilisikika kelele za watoto na mtu aliyekuwa anajaribu tarumbeta.

Yaliyofuata Ardis aliyasimulia kwa simu, akicheka.

"Nilikuwa nazungumza na Verner. Mambo ya nyumbani tu, kwamba bomba la jikoni linavuja. Nikainua macho, dubu yuko kiwanja cha 41. Ana kitu cha njano sikioni. Akanusa meza, akanusa meko, akatia mkono ndani ya meko akakoroga. Hakuna kitu. Akaja cha 40, vilevile. Akaja cha 39. Sasa mimi niko 38, unaelewa?"

Filimbi ilikuwa mkononi. Hakuipuliza.

"Nilifikiri nikipuliza, Marlys atakuja mbio na itabidi mtu aandike ripoti. Nikasimama polepole, kama tulivyofundishwa. Dubu naye akasimama kwa miguu miwili. Tuko hatua ishirini. Nikamwambia, 'Hakuna kitu hapa, mwanangu. Hata mimi wameninyang'anya pipi. Nenda zako.'"

Dubu alishuka. Alinusa hewa upande wake, akapiga chafya kwa harufu ya siki, akageuka. Alipanda mlima taratibu, bila kugeuka nyuma.

Garini, Marlys alikuwa ameshika mpini wa mlango kwa mikono yote miwili. Dubu alipopotea msituni, alishuka mbio. Alipofika kwenye kiti cha Ardis, walikaa wawili juu ya jiwe bapa la Verner.

"Nikamwambia, Ardis, filimbi nilikupa ya nini?" anasema Marlys, na hasira hiyo bado ni mbichi. "Ya nini? Akaniambia eti alisahau jinsi ya kuipuliza. Miaka sabini na tisa!"

Milango ilirudi mahali pake Jumatano, tarehe 9 Julai, ikiwa na tabaka tatu. Barua ya onyo ilifika siku mbili baadaye, ikimtaka Marlys siku nyingine apange matengenezo nje ya msimu wa wageni. Malalamiko kumi na tisa yaliambatanishwa. Aliyasoma yote, akayajibu yote.

Namba 117 hakuonekana tena Mzunguko C. Wiki ya pili ya Agosti, Denise alimletea Marlys picha iliyopigwa na kamera iliyofungwa kwenye mti, maili tisa kaskazini. Inamwonyesha dubu akiwa katikati ya vichaka vya matunda ya bluu, mdomo umetapakaa rangi, kipini cha njano kikionekana wazi.

"Amenenepa," Denise alisema.

"Na ale," alijibu Marlys. Picha ameibandika ndani ya mlango wa ghala, juu ya orodha ya zamu za kupiga deki.

Wapo wanaosema alikosea. Curtis Amundson, alipoulizwa, alisema hifadhi haiwezi kuendeshwa kwa bisibisi, na kwamba kama kila msimamizi angesoma ukurasa wa thelathini na nne anavyopenda, hakuna mgeni ambaye angepata pa kulala. Baada ya kusema hayo alitaja, kama jambo dogo, kwamba mwezi uleule alipeleka ombi la masanduku ya chuma ya kuhifadhia chakula, yale yenye komeo ambalo dubu hawezi kulifungua. Marlys alikuwa ameyapendekeza miaka saba mfululizo. Safari hii yamekubaliwa kumi na mawili, kwa majaribio.

Yamefika wiki hii. Yamepangwa kando ya ghala, ya kijani, kila moja lina uzito wa mtu mzima. Marlys na Delbert watayafungia kwenye zege mwezi Mei, ardhi ikishayeyuka, yote kumi na mawili Mzunguko C. Viwanja vingine kumi na saba vitasubiri, na Marlys ameshaanza kuandika ombi la mwaka wa nane.

Amebakiza miaka mitatu kustaafu. Hataki sherehe, anasema, na Wendell ameonywa asimpangie.

"Nataka kiangazi kimoja ambacho Denise atakuja hapa kunywa kahawa tu. Aje na kikombe, aache bunduki nyumbani. Kimoja. Nikikipata hicho, nitawapa funguo zao na fito yao, nitakwenda zangu."

Wakati anasema hayo, mzee mmoja mwenye kofia ya uvuvi anapita, anasimama mbele ya masanduku, anainama, anachungulia ndani ya moja.

"Samahani, bibie," anasema. "Haya matanuri yenu yanatumia kuni au gesi?"

Marlys anafumba macho. Delbert anageukia ukutani.

Kisha Marlys anafumbua macho, anaweka ndoo chini, anamwendea. "Si tanuri, mzee wangu," anasema. "Njoo nikuonyeshe komeo linavyofanya kazi."

Anaanza kueleza, tangu mwanzo, na yule mzee anavua kofia yake ili asikie vizuri.